Mota ya Umeme na Harufu ya Feri

Mume wangu hakuwahi kuamini kwamba kitu chochote cha umeme kina namba mbili. Kwake feni ilikuwa na namba tano tu, na zile nyingine waliziandika kiwandani ili kujaza nafasi. Redio aliifungua mpaka spika ikakoroma. Pasi aliiweka kwenye moto wa kitani hata alipokuwa ananyoosha shati la nailoni, na mashati yaliyoungua mgongoni nyumbani kwetu yangetosha kuvalisha kwaya nzima. Ukimwambia apunguze, anakutazama kana kwamba umemtukania ukoo.

Sisemi kwamba alikuwa peke yake. Gerezani yote, mtaa wetu wa maduka hapa Dar, ilikuwa hivyo miaka ile. Biashara ilikuwa imefunguliwa, ruksa ilikuwa imetolewa, na watu waliozoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni walijikuta wanachagua rangi ya birika. Ungedhani wangechagua kwa utulivu, wakifurahisha macho yao. Wapi. Kila duka lilitoa spika nje, kila spika ikafunguliwa mpaka mwisho, na mtu aliyetaka kununua msumari alilazimika kuuonyesha kwa kidole kwa sababu sauti yake haikusikika. Waliyaita hayo maendeleo. Mimi niliyaita kelele, na kwa kuwa nilikuwa na duka humo humo, nilijua ninachosema.

Duka lilikuwa letu wawili, mimi na yeye, wote watoto wa Kilimanjaro tulioteremka mjini kutafuta maisha. Tuliuza vipuri, betri, na chochote kilichotoka kwenye kontena ambacho wenzetu walishindwa kujua ni nini. Tulikaa vyumba vya nyuma, na jiko langu lilikuwa uani.

Kulikuwa na desturi moja dukani ambayo siidharau yote. Kitu kikishatoka nje ya mlango hakirudi. Kila duka lilikuwa na kibao cha kusema hivyo. Kwa hiyo mteja hapewi kitu mpaka kimetestiwa mbele ya macho yake. Ukimfungia mtu redio kwenye mfuko bila kuiwasha, ama umemdharau ama unamwibia, na yeye ataamua ni lipi kabla hajafika kona. Na mteja naye ana wajibu wake. Lazima asimame, atazame, atikise kichwa kwamba ameona. Huo ulikuwa ustaarabu wa biashara yetu na watu waliuheshimu kuliko salamu. Tatizo langu ni kwamba kutesti kwa mume wangu na wenzake kulikuwa na maana moja tu, nayo ni kuweka mwisho. Kikinguruma mwisho, ni kizima. Hakuna aliyewahi kutesti kitu kwa kiasi kile ambacho mwenye nacho atakitumia.

Basi ikaja mota. Ilitoka kwenye kontena la vitu mchanganyiko kutoka Dubai, katikati ya mipira ya milango ya friji na taa za magari ambayo hayakuwepo nchini. Ilikuwa bomba refu jembamba la chuma. Juu ilikuwa na kichwa chenye mkono wa kushika na namba kuanzia moja hadi tano. Chini ilikuwa na kitumbo kidogo chenye propela ya plastiki. Ilikuwa mota ya umeme ya kusukuma boti, ya kutumia betri kama ya gari. Nadhani ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mbali wanaokwenda ziwani Jumamosi kuvua kwa kujifurahisha, wasitake kuwashtua samaki. Mume wangu aliishika, akaizungusha, akasema kila mvuvi wa Feri, kule soko la samaki, ataitaka.

Wavuvi wa Feri walikuja kuiona. Waliinama, wakaipapasa, na mmoja akauliza kwa heshima zote kama ni ya kukorogea uji. Wakaondoka wanacheka. Watu wanaotoka nje kabisa kutafuta jodari hawakuwa na haja na kitu kinachokwenda kwa betri, na yeyote aliyefikiri dakika moja angelijua hilo kabla ya kununua. Mume wangu hakuwa na dakika hiyo. Aliweka pipa la maji barazani, akaifunga mota kwenye ukingo wake, akaunganisha betri, akaweka namba tano.

Siwezi kukataa kwamba ilipendeza. Maji yalichemka, yakaruka mpaka barabarani, watu wakakusanyika na kupiga makofi. Kesho yake akafanya tena, na keshokutwa yake. Ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi. Kufika mchana betri ilikuwa imekwisha, propela inazunguka kwa kusinzia, na mimi ndiye niliyeipakia kwenye mkokoteni kuipeleka Mtaa wa Msimbazi kwa mtu wa kuchaji. Kila siku mume wangu alisema betri za siku hizi ni feki. Hakuna aliyenunua mota. Walikuja kuoga.

Mimi betri ile niliijua kwa njia nyingine, tangu kabla ya mota. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, na jioni niliiingiza ndani nikaunganisha kitaa kidogo cha gari jikoni. Kwa kitaa kile ilinihudumia jioni baada ya jioni mpaka nikasahau kwamba huchajiwa. Lakini siku mume wangu alipoiunganisha kwenye televisheni ya rangi, na nusu ya mtaa ikaja kutazama mpira, ilizimika kabla ya mapumziko na wageni wakaondoka bila kuaga. Betri ni ile ile. Ukiinywa kwa kijiko inakaa. Ukiigeuza mdomoni inakwisha, na tena inakwisha kabla ya hesabu yake, maana ikilazimishwa sana inachoka na kukata ilhali ndani bado ina kitu. Nilimwambia mume wangu hivyo. Akasema mambo ya umeme niyaache.

Siku moja alikwenda msibani Mbezi akaniachia duka. Niliweka mota namba mbili. Ilizunguka tangu tulipofungua mpaka tulipofunga, ikikoroga maji taratibu bila kumlowesha mtu, na betri bado ilikuwa na nguvu ya kuwasha taa yangu jioni. Watu waliopita waliniuliza kama imeharibika. Mume wangu aliporudi alisema nimemwaibisha.

Sasa niwaeleze habari za watu wa ghorofani, kwa sababu haya yote yanawahusu.

Juu yetu walikaa mzee mmoja na mkewe, Wahindu, watu wasiogusa nyama wala samaki wala yai. Mzee alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili tangu kabla sisi hatujashuka mlimani, na Kiswahili chake kilikuwa cha Dar tupu, safi kuliko changu chenye lafudhi ya migombani. Watoto wao walikuwa ng'ambo. Tuliamkiana ngazini, tuliazimana ngazi ya mbao, na mambo mengine kila mtu alibaki nayo kwake.

Ila mkewe alikuwa na jambo moja na mimi. Dirisha la jiko lake lilikuwa juu ya ua wetu, na kila nilipotia samaki kwenye mafuta, dirisha lile lilifungwa. Hakulibamiza. Lilivutwa taratibu, kitasa kikalia kidogo, basi. Hakuwahi kulalamika. Jioni tukikutana ananiuliza hali ya watoto, ananipa chupa ya pilipili za kuloweka alizotengeneza mwenyewe. Kesho nakaanga vibua, dirisha hilo, taratibu. Ule utaratibu ulinikera kuliko matusi. Ningependa achungulie agombe kama watu wengine wa Gerezani, nami nimjibu, tumalizane. Harufu ya samaki ilikuwa adui yake wa maisha. Wakienda mjini kwa gari alimfanya mumewe azunguke mbali ili wasipite karibu na Feri.

Alipougua, dirisha lilibaki wazi. Mara ya kwanza nilidhani hayupo. Nilipoona siku zinapita na hata moshi wa vibua haulifungi, nilijua hali ni mbaya, nikahamia kwenye maharage. Mume wangu akauliza kama tumefilisika.

Alikufa, wakamchoma kama desturi yao ilivyo. Baada ya siku chache mzee aliteremka dukani. Alikuwa amevaa nyeupe na alionekana amepungua kila mahali. Alisimama kwanza akiitazama mota kwenye pipa, ikinguruma, maji yakimrukia kandambili. Kisha akatueleza. Mkewe aliomba jambo moja tu kabla ya kufa. Majivu yake yatiwe baharini, kama ilivyo kwao, lakini mbali, mahali ambapo harufu ya Feri haifiki. Aliliomba akiwa na akili zake timamu na mumewe akaahidi. Tatizo lilikuwa boti. Miaka ya nyuma alipompeleka kaka yake, walikodi boti ya petroli, moshi ukawarudia usoni na sala haikusikika hata na aliyekuwa anaisali. Hakutaka mkewe aende hivyo. Akauliza kama kweli mota hii haitoi moshi.

Mume wangu akasema haitoi hata kidogo. Mzee akauliza kama inakwenda kimya. Mume wangu akasema ukiiweka namba tano inaruka. Hilo halikuwa jibu, na mzee alijua halikuwa jibu, lakini alikuwa mtu mwenye adabu.

Hapa nimpe mume wangu haki yake. Hakutaka chochote kwa ajili ya mota wala betri, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kutafuta boti. Kwenye msiba wa mtu hakuwa mchoyo hata siku moja. Mzee akaniomba nami niende. Mabinti zake wasingewahi kufika, akasema, na alitaka awepo mwanamke mmoja aliyemjua mkewe. Nikakubali. Sikumwambia kwamba nilimjua zaidi kwa dirisha.

Betri niliipeleka Msimbazi mwenyewe, nikamsimamia mtu wa kuchaji mpaka ikajaa. Kisha nikamwambia mume wangu, kwa sauti ya kawaida, kwamba twende namba mbili. Tutafika, na betri itabaki. Alinitazama kwa huruma.

"Mama," akasema, "msiba wa mtu mzima, jirani yetu, twende namba mbili? Watu watatuonaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake kuhusu kila kitu, na sijui nilitegemea nini.

Asubuhi tulikuwa Feri. Boti ilikuwa ndogo, ya mbao, na mwenyewe alikuwa mvuvi mmoja mkimya aliyekuja nasi kwa sababu hakuwa mwendawazimu wa kuwapa watu wa Gerezani boti yake. Mume wangu alimwambia aache injini yake ufukweni kwa kuwa inanuka petroli, na aache makasia kwa kuwa tuna mota. Injini aliiacha. Makasia aliyaacha pia, ila moja nililiona akilisukuma kwa mguu chini ya mbao. Alisema jambo moja tu la maana asubuhi ile, kwamba maji yanatoka bandarini kwenda nje, tuondoke nayo, hayatatusubiri.

Kila kitu kilikuwa tayari. Kuhani wao alikuwa amemaliza ibada zake hekaluni, na kwa uzee wake bahari hakuiweza, akabaki. Mzee alikuwa amekumbatia chungu chekundu kilichofungwa kitambaa, na maua kwenye kikapu. Alisimama kwenye mchanga uliojaa magamba ya samaki, wachuuzi wananadi pembeni yake, mafuta ya wakaangaji yanamfukizia. Uso wake ulionyesha kwamba anahesabu hilo kama deni kwa mkewe na anataka kuondoka.

Na mume wangu akatesti.

Hakufanya kwa ubaya. Angeonaje kumkabidhi mteja mota bila kumtestia, na siku kama ile? Boti ikiwa bado imefungwa kamba kwenye nguzo, alishusha mota majini, akamwambia mzee aangalie mwenyewe, akaweka namba tano. Boti ilivuta kamba kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Maji yakachemka. Wakaangaji wakaacha karai zao, wachuuzi wakaja, makofi yakapigwa. Kuna aliyechelewa akaomba arudie, naye akarudia. Akaonyesha kurudi nyuma, kwa namba tano. Akaonyesha kukata kona, ingawa boti ilikuwa imefungwa na haikwenda popote.

Nilimtazama mzee nikitumaini atasema basi. Hakusema. Na yeye alikuwa mwenye duka wa siku nyingi. Mwenzake anapotesti, mteja husimama na kutazama. Alisimama na chungu chake kifuani, akatazama mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwamba ameona. Mvuvi alikuwa anaangalia alama ya maji kwenye nguzo. Nilijisikia kuwapiga wote wawili, muuzaji na mteja.

Tulipofungua kamba, mume wangu alisimama nyuma wima, mkono kwenye namba tano. Pantoni lilikuwa linavuka kwenda Kigamboni, na abiria wakaegemea ukingo kututazama, naye akawapungia. Sauti ya mota ilikuwa ya kulazimishwa, kali. Boti ilikwenda, sikatai, lakini kwa kelele ile ungetegemea zaidi. Namba tano haiendi mara tano ya namba moja, inakula tu mara tano, kama si zaidi. Upepo wa asubuhi ulitoka nchi kavu ukatusukumia mgongoni harufu yote ya Feri. Tulikuwa tunakwenda na kile tulichokuwa tunakikimbia.

Kabla hatujafika mlango wa bandari, sauti ilianza kushuka. Mume wangu akazungusha mkono wa mota kuona kama kuna namba sita. Propela ikasinzia, ikasimama. Moshi wa wakaangaji bado ulionekana, na mtu mmoja ufukweni alikuwa anatupungia.

Akafanya yote wanayofanya wanaume. Alichomoa vibanio, akakwangua vichwa vya betri kwa ufunguo, akavirudisha. Akaipiga betri kofi. Akaitikisa. Akaweka namba tano, ikaguna, ikafa. Akaweka tena namba tano. Akasema betri za siku hizi ni feki.

Mvuvi alitumbukiza mkono majini, akautoa.

"Maji yamesimama," akasema. "Yakianza kuingia, hatutoki tena. Yatatupeleka ndani, kwenye meli."

Kwa kasia moja, akasema, kuturudisha anaweza. Kututoa nje na abiria wote hawa, hawezi. Mume wangu akasema kwa sauti ya chini kwamba basi turudi, tuje kesho na betri mpya, ya Kijapani. Mzee alitikisa kichwa kukataa. Majivu yakishatoka kwa safari ya baharini, akatueleza, hayarudishwi nyumbani. Akainua uso, akavuta pumzi kidogo, akakitazama chungu.

"Hapa bado tunaisikia," akasema.

Alisema tunaisikia, na mwingine wa kuisikia alikuwa chunguni. Sijawahi kumwonea mtu huruma hivyo, na sijawahi kumkasirikia mume wangu hivyo.

"Baba, toa mkono," nikamwambia. "Iache ipumzike."

"Imekufa hiyo."

"Haijafa. Umeikaba."

Akatoa mkono. Nilihamia nyuma, yeye akaja mbele, na boti ikayumba tulipopishana. Nikakaa, nisiguse kitu. Tulisubiri. Bila ile kelele tulimsikia mzee akinong'ona sala zake. Alikuwa amezianza zamani, tangu ufukweni, na hakuna aliyejua. Mvuvi alishikilia boti isigeuke kwa kasia lake. Niliona povu na ganda la nazi vimekaa palepale juu ya maji, haviendi huku wala huku, na moyo wangu ulikuwa kwenye lile ganda.

Kisha nikaweka namba moja.

Propela ilizunguka. Ilizunguka taratibu kiasi kwamba ungeweza kuona kila ubapa ukipita. Mume wangu akasema huo si mwendo. Ganda la nazi likawa ubavuni kwetu, likawa nyuma yetu, na mvuvi akaanza kusaidia kwa kasia upande mmoja bila kuambiwa. Mota haikusikika. Tulisikia maji yakigusa mbao, na sala.

Tulipita mlango wa bandari kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Tukiwa nje kidogo, mume wangu akamuuliza mzee kama panatosha. Mzee akainua pua.

"Bado."

Mimi nilivuta pumzi sikusikia kitu. Pua yangu ilikaangwa zamani. Mvuvi tulipomuuliza alisema Feri hakuna harufu, haijawahi kuwepo. Basi chomboni kulikuwa na pua moja tu ya kuaminika, na sote wengine tukawa tunamtazama mwenye nayo. Tukaenda. Nchi ikashuka. Mara mbili tatu nilimwona mume wangu anajisogeza nyuma na mkono wake unanyemelea namba, nikaupiga kibao. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, na hakuweza kukaa karibu na namba moja bila kuipandisha.

"Mzee, bado?" akauliza.

"Bado."

Propela ilianza kuchoka tena, safari hii kwa haki. Nilikuwa nimeshaanza kumwomba Mungu wangu wa Kilutheri kwa ajili ya majivu ya Mhindu, na sikuona ajabu. Ndipo mzee alipoinua uso, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko zile mara nyingine.

"Hapa," akasema.

Mvuvi alitwambia kwamba huku nje mkondo unashika kaskazini, haurudi bandarini, na mzee akamshukuru kana kwamba amepewa zawadi. Akafungua kitambaa. Alimimina majivu karibu kabisa na maji ili upepo usiyachukue, akayafuatisha maua, akasali kwa sauti. Sikuelewa hata neno moja, lakini nililisikia kila neno. Majivu kidogo yaliganda kwenye ubao wa boti, naye akayaosha kwa kiganja, taratibu, mpaka ubao ukawa safi. Mume wangu alikuwa analia. Alikuwa na moyo mzuri, na hilo ndilo lililonichosha kwake. Mtu mbaya ungemwacha.

Kurudi haikuwa kazi. Maji yalikuwa yanaingia, yakatubeba, mvuvi akielekeza kwa kasia. Mota ilikuwa imelala chini ya miguu yetu. Ufukweni wale wale waliopiga makofi walitungoja, wakamuuliza mume wangu ilikuwaje. Machozi yalikuwa bado hayajamkauka.

"Namba tano," akasema, "mwanzo mwisho."

Nilimgeukia mzee. Nilitaka aseme. Neno lake moja lingetosha kumnyamazisha mume wangu kwa mwaka mzima. Mzee alikuwa anakunja kitambaa cha chungu, kona kwa kona. Akampa mume wangu mkono, akasema ahsante sana, imekwenda vizuri. Mimi akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mvuvi alikuwa ameshakwenda kuchukua injini yake.

Habari ya namba tano ilifika Gerezani kabla yetu. Wiki haikwisha akaja mtu wa hoteli moja ya ufukweni akaitaka mota, na mume wangu akamtestia kwenye pipa, mwisho kabisa, akapigiwa makofi. Nilimvuta mnunuzi pembeni nikamwambia aitumie namba mbili. Akacheka akasema mama, mimi sinunui mota ili nitembee. Sikumfuata barabarani kumbembeleza.

Dirisha la juu lilibaki wazi. Nilikaa na maharage mpaka watoto wakagoma, nikarudia samaki, na kila nilipowatia kwenye mafuta niliinua macho. Lilikuwa wazi tu. Moshi wangu ulipanda ukaingia kwa mtu mpweke, ukajaza nyumba ambayo kwa miaka yote ile haikuwahi kuingiwa. Nilichukia. Nilijaribu kukaangia upande wa choo, nilijaribu asubuhi sana. Mzee tulikutana naye ngazini. Alikuwa haangalii hata anapokanyaga.

Kisha ikaja siku moja, mchana wa kawaida. Mbele ya duka mume wangu alikuwa anamtestia mteja pampu ya maji, mwisho, na mtaa mzima ulikuwa unatetemeka. Nilitia vibua kwenye karai. Kitasa sikukisikia kwa ile kelele. Niliona tu mkono wenye kikuku cha uzi, mkono wa mzee, ukitoka juu, ukishika dirisha, ukilivuta taratibu mpaka likafunga.

Nililia palepale uani, na sioni aibu kusema. Halafu nikawageuza samaki, maana walikuwa wanaungua.